Maji ya Mzambarau

Mimi na ule mzambarau hatujawahi kupatana. Nasema mapema ili asije mtu akanipa sifa zisizo zangu, akadhani mimi ni mtu wa kuhurumia miti. Siyo. Mimi ni dobi. Nafua na kupiga pasi mashuka ya hoteli tangu asubuhi mpaka miguu inavimba, halafu nikirudi kwangu nakuta nguo nilizoanika uani zimepigwa madoa ya zambarau, yale madoa ya rangi ya wino ambayo hata dawa kali ya hotelini haiyawezi. Nimemwambia mume wangu mara ngapi huu mti ukatwe? Na yeye ni dereva wa lori, nyumbani kwake anapita kama mgeni, hujibu tu, "Tutaona nikirudi." Akirudi analala.

Kwa hiyo sikuupigania ule mti kwa mapenzi. Niliupigania kwa ajili ya mama yangu.

Mama alipigwa na kiharusi, upande wake wa kulia ukazimika, mkono na mguu na kona ya mdomo. Akili haikuguswa hata chembe. Wakati mwingine nilikuwa nasema moyoni, Mungu anisamehe, afadhali ingeguswa kidogo, maana mwanamke yule aliyelima, akauza sokoni, akalea na kugombeza nusu ya mtaa wake, kumkalisha kitako kutwa nzima na akili zake zote ilikuwa mateso kwake na kwetu. Tukamtoa kwake, tukamleta kwangu. Nyumba yenyewe vyumba viwili na sebule, wanangu wamejazana kimoja. Mama tukamtandikia sebuleni, nyuma ya pazia, kwenye dirisha linalotazama ukuta wa jirani. Ukuta mtupu, haujapigwa hata lipu.

"Mwanangu," aliniambia asubuhi moja ninamvisha, "yale matofali nimeshayajua yote. Kuna moja limekatika pembe."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

Ndipo nikaamua tumjengee chumba chake. Nafasi ilikuwepo moja tu, ua wa nyuma, ubavuni mwa mzambarau. Kila aliyekuja kutazama alisema lile lile: kateni huo mti, jengeni kwa raha. Na mimi nilikuwa nimeshakubali, nisidanganye. Nilikuwa naiona kamba yangu ya nguo imetulia juani bila doa hata moja. Lakini pazia la sebule si ukuta, na mama alikuwa akisikia kila neno.

"Mkiukata huo mti nirudisheni kwangu," akasema kutoka nyuma ya pazia.

"Kwako nani atakuogesha, mama?"

"Nitanuka. Lakini nirudisheni."

Nikafunua pazia nimwakie, kama kawaida yangu. Nikamkuta ameshika godoro kwa mkono wa kushoto, ule mzima, kama mtu anayeogopa kunyang'anywa.

"Sitaki chumba kikubwa," akasema. "Nataka dirisha la kuuona mti. Nimechoka kutazama kitu kisichotikisika."

Mama akisema amesema, na kama angetaka kurudi kwake angegoma kula mpaka tumrudishe, na kule angekufa peke yake akiwa na kiburi chake chote. Kwa hiyo hesabu ilikuwa nyepesi: mti ukibaki, mama anabaki.

Fundi wetu alikuwa shemeji yangu, mdogo wake mume wangu. Muashi mzuri, sikatai, ila mdomo wake hauna mlango. Utani wetu ulianza siku nilipoolewa na haujapoa. Ananiita mke wake mkubwa, namwita bwana harusi wa mkopo. Nikimgombeza hajibu, anapiga mluzi. Namgombeza, anapiga mluzi, basi, kazi zinakwenda.

"Yaani nijenge nyumba niuzunguke mti?" akasema nilipomweleza. "Mke wangu mkubwa, unanipa kazi ya kinyozi. Nimnyoe mtu bila kumgusa sikio."

"Ndiyo hivyo. Na ukimkata sikio nakukata lako."

Sasa, kule hotelini kuna mama mmoja anayesimamia bustani, amesomea miti chuoni, sote tunamwita Mama Miti na mwenyewe anaitika. Nilimpelekea habari yangu wakati wa chai, nikitegemea maneno mawili matatu. Akaja mwenyewe mpaka nyumbani, siku yake ya mapumziko, na viatu vyake vya mvua. Akazunguka chini ya matawi huku akikanyagakanyaga ardhi kwa kisigino.

"Watu wanafikiri mizizi inashuka chini kama msumari," akasema. "Hapana. Imetandikwa kama mkeka, tena juu juu. Hapa unaposimama umeikanyaga. Mkichimba mtaro wa msingi kupita hapa mmeukata mguu mti, na hautawaambia leo. Utakuja kuwaambia mmeshahamia ndani."

Akatupa masharti. Upande wa mti tusichimbe mtaro. Tuchimbe mashimo ya nguzo tu, kwa mkono, katikati ya mizizi mikubwa, halafu boriti ya zege ipite juu ya ardhi kutoka nguzo hadi nguzo, mizizi ibaki inapumua chini yake. Tuzungushie kamba mahali matawi yanapoishia, na ndani ya kamba pasiingie kitu: si mchanga, si kokoto, si lori, si kuchanganyia zege, si kuoshea vifaa. "Hasa hilo la mwisho," akasema. "Maji ya saruji yanaunguza mizizi."

Shemeji alimsikiliza akiwa amejishika kiuno. Akaniambia pembeni, "Huyu angeolewa na fundi, fundi angehama nchi." Lakini alikuwa ameelewa, nilimwona akipima kwa macho.

Kamba ilikuwa yangu ya kuanikia. Niliifungua kwa mkono wangu, nikaizungusha kwenye vijiti, na kila baada ya hatua chache nikafunga kipande cha shuka kuukuu la hoteli ili hata kipofu aione. Nikawaita vibarua wawili wa shemeji, watu wazima wenye familia zao, nikawasomea masharti kama hakimu. Nikawaambia wanangu. Nikamwambia mume wangu kwenye simu, huko njiani alikokuwa. Nikamwambia hata jirani mwenye mbuzi. Mtaa mzima ulijua kwamba anayekanyaga ndani ya kamba ile atanijua mimi ni nani.

Kazi ikaanza. Asubuhi kabla sijatoka namwogesha mama, namvisha, namkalisha kwenye kiti chake cha mikono kwenye kibaraza cha nyuma, kanga magotini, kikombe cha chai mkono wa kushoto. Halafu nakwenda kusimama kwenye pasi. Wanaosema kupiga pasi ni kazi ya kusimama tu waje wasimame. Jioni narudi nyayo zinawaka, sina hata nguvu ya kuvua viatu, lakini napitiliza uani kukagua kamba. Shemeji ananipigia saluti na mwiko mkononi.

"Mkaguzi mkuu! Hakuna mbuzi, hakuna mchanga, hakuna mtu. Hata ndege tumewaambia wapite juu juu."

Na kweli, katika kigiza kile cha jioni niliiona kamba pale pale, vitambaa vyangu vimetulia. Siku moja sururu iligonga mzizi mnene kama paja. Shemeji akasimamisha kazi, akalifukia shimo lile, akachimba jingine pembeni, jasho linamtiririka, na jioni alinionyesha kwa fahari kama mtu aliyeokoa mtoto mtoni. Nikamwambia amefanya vizuri. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza kumwambia hivyo, maana alisahau kutania.

Na mama, jamani, mama alichangamka. Alikula bila kubembelezwa. Sauti yake ilirudi, ile ya zamani ya sokoni. Nikimkuta jioni pale kibarazani anakuwa amechoka uchovu mzuri, uchovu wa mtu aliyetoka kazini.

"Leo tumefanya kazi sana," ananiambia.

"Tumefanya, mama?" Namvua viatu huku nacheka. "Haya, poleni na kazi."

Nilifikiri ni zile kelele za watu tu, zile pilikapilika baada ya miezi ya ukuta. Nikamshukuru Mungu, nikalala.

Hapa lazima niseme kitu kuhusu maji ya kwetu. Bomba linatoa likitaka, na likitaka ni mara chache. Tunaishi kwa mapipa. Mama alinilea hivyo hivyo, maji hayatupwi. Maji ya kuoshea mchele yanaoshea mboga, ya mboga yanaoshea masufuria, na yale ya mwisho, yaliyochoka kabisa, yanakwenda kwenye mti. Nilishawahi kupigwa kofi nikiwa mdogo kwa kumwaga nusu ndoo mlangoni. Hata leo hotelini nikiona maji ya kusuuzia yanakwenda na bomba la taka, shavu linaniwasha.

Chumba kikaisha. Kidogo, kisafi, sakafu imeinuliwa kidogo juu ya ile boriti, na dirisha pana shemeji alilolifanya pana zaidi ya tulivyokubaliana. Kitanda cha mama tukakisukuma mpaka dirishani. Siku ya kwanza alilala ubavu, akautazama mzambarau kimya mpaka nikaogopa, nikaingia kumwangalia.

"Usinizibe," akasema.

Nikatoka. Nililia kidogo jikoni, machozi ya kuchoka na mengine. Nikafungua kamba yangu kwenye vijiti, nikairudisha kuanikia.

Tulipata mvua zetu, zikaisha. Zilipoisha ndipo majani ya upande wa chumba yalipoanza kugeuka rangi. Mwanzoni nilisema ni vumbi. Halafu ncha za matawi zikakauka, majani yakaanza kudondoka makavu, nafagia asubuhi na jioni nakuta tena. Upande wa barabarani mti kijani kibichi, upande wa mama mti mgonjwa.

"Unapukutika," mama akasema.

"Utarudi, mama."

"Mzambarau haupukutiki hivi."

Nilimsubiri alale mchana, siku yangu ya mapumziko, nikaenda chini ya mti nikapiga magoti. Nikafagia majani kwa mikono. Chini yake nikakuta udongo mgumu. Nikakwangua kwa kisu cha jikoni. Lilikuwa gamba jeupe, la kijivujivu, limeshika ardhi kama ukoko ulioshika sufuria, tena kubwa, limetandaa kutoka ilipokuwa kamba mpaka karibu na shina. Saruji. Maji ya saruji, yamemwagwa na kumwagwa, yakakauka na kumwagwa tena.

Nilimpigia shemeji simu, sikumbuki hata nilimsalimia. Akaja na nguo zake za kazi. Nikamshika mkono nikamvuta mpaka pale, nikamwonyesha kwa kidole.

"Hiki nini?"

Akachuchumaa. Akalipapasa lile gamba.

"Nakuuliza, hiki nini? Mama Miti alisema nini? Mimi nilisema nini? Nilikuachia kitu kimoja, kimoja tu! Ulikuwa unanipigia saluti hapa unanicheka, kumbe nikishawapa kisogo mnaoshea makarai yenu kwenye mizizi? Mvivu wewe! Ulishindwa kutembea mpaka barabarani?"

Akainua uso, akatazama dirisha la mama, kisha akanitazama mimi.

"Ni kosa langu, shemeji," akasema. "Nisamehe."

Hakunitania. Hakuniita mke wake mkubwa. Nilitaka abishe nipate pa kuzitolea hasira zangu, hakubisha. Kwa hiyo nilizitoa zote hivyo hivyo. Nikamwambia kwamba mama yangu akisema arudishwe kwake, akifa kule peke yake, atakuwa amemuua yeye. Nikamwambia asikanyage kwangu tena. Akapangusa mikono, akaanza kwenda, na alipofika mlango wa ua nikamsikia anapiga mluzi. Mluzi wenyewe ulikuwa mbovu, unakatika katika.

Mume wangu alinuna. Ndugu yake kafukuzwa kama mwizi, na yeye atasema nini kwa watu? Nikamwambia aseme anachotaka. Nilikuwa nimechoka hata kununiana sikuweza vizuri.

Siku zikaenda. Nafagia majani, napiga mashuka pasi, namgeuza mama, nafagia majani. Kila nikiingia chumbani kwake naogopa ile sentensi, nirudisheni kwangu. Hakuisema. Alikuwa anatazama tu.

Kisha jioni moja namfuta miguu kwa kitambaa na maji ya vuguvugu, akaniambia, "Mti una kiu huo."

"Mama, mvua zimeisha juzi juzi."

"Una kiu. Tangu mafundi waondoke nani anaumwagia maji? Hakuna. Wewe unarudi usiku mikono mitupu, watoto hawana habari. Wakati wa ujenzi ulikuwa unakunywa kila siku, nilihakikisha mwenyewe."

Mkono wangu ukasimama kwenye kisigino chake.

"Ulihakikisha vipi, mama?"

"Si pale kibarazani? Mlidhani nimekaa tu." Akajiinua kidogo kwenye mto, sauti ya sokoni ikaja. "Wale vibarua ikifika jioni wanaosha makarai na miko na mapipa yao, halafu ndoo nzima nzima wanataka kwenda kuzimwaga barabarani! Nikasema thubutu! Maji yote hayo, na huyu mti umezungushiwa kamba kama mfungwa, nani ataupa maji? Mwageni hapa. Na kamba ya mwanangu msiivuke. Wakasimama nje ya kamba, wakamwaga ndani. Kila jioni. Nilikuwa nawaonyesha: leo pale, kesho pale, usipate upande mmoja tu." Akanionyesha, kidole cha mkono wa kushoto kinasogea hewani, pale, na pale. "Yule shemeji yako siku moja alitaka kunibishia. Mama, haya maji si mazuri. Nikamwambia wewe mtoto, mimi nimeotesha miti kabla mama yako hajaolewa, utanifundisha maji? Akanyamaza. Mtoto mwenye adabu yule. Mbona siku hizi haji?"

Nilikuwa nimepiga magoti sakafuni na kitambaa kimelowa mkononi. Ulimi wangu mnaujua. Maneno yalikuwa yameshafika, yamejipanga mdomoni, mama umeua mti wako mwenyewe, na mimi nimemfukuza mtu wa watu. Nikamtazama. Kidole bado kiko hewani. Uso wake ulikuwa uso wa mtu anayesimulia kazi yake.

"Ana kazi nyingi," nikasema. Nikamkausha mguu, nikayatoa yale maji nje.

Nilikaa kwenye kile kiti chake cha kibarazani. Nikaanza kupitisha kichwani watu niliowapa masharti. Shemeji. Vibarua. Watoto. Mume wangu akiwa njiani na lori. Jirani, jirani na mbuzi wake! Na mama nilikuwa namweka hapa kila asubuhi, macho yake yote mawili, mdomo wake wote, namfunika kanga magotini, naondoka. Sikumwambia neno. Wala sikusahau. Sikufikiria tu kwamba ni mtu wa kuambiwa. Nani humpa masharti mtu asiyeweza kufanya lolote? Mwanamke aliyenifundisha maji hayatupwi, akakaa mbele ya ndoo za maji yanayotupwa, nilitegemea afanye nini?

Kesho yake nikiwa natoka kazini sikwenda nyumbani. Nilimfuata shemeji alikokuwa anajenga, ghorofa la mtu, nikapanda ngazi za mbao zisizo na pa kushika huku miguu inanilaani. Alikuwa anapiga lipu. Aliponiona akashuka kutoka kwenye jukwaa, mwiko bado mkononi.

"Ulijua," nikamwambia.

Hakuuliza alijua nini. "Nilijua mwishoni mwishoni. Nilikuwa naenda kununua misumari, narudi nakuta ndoo zimeshamwagwa. Nikajaribu kumwambia akaniwakia. Baadaye nikawa nawaambia vibarua wasubiri asinzie. Hasinzii, mama yako yule."

"Kwa nini hukuniambia? Siku ile nakutukana pale, kwa nini hukusema?"

Akakwangua saruji kwenye mwiko kwa kidole gumba. "Shemeji, ulimi wako mimi naujua. Mimi ukinipigia kelele napiga mluzi, naenda zangu. Mama anakwenda wapi?"

Vibarua walikuwa wanatutazama kutoka chini. Nilikaa kwenye rundo la matofali, na yeye akakaa, tukabaki hivyo kama wasafiri waliokosa gari.

"Bwana harusi wa mkopo," nikasema hatimaye.

"Naam, mke wangu mkubwa."

"Njoo nyumbani. Mama anakuulizia."

Alikuja, na Mama Miti naye akaja. Tuliwapisha wafanye, nikawaandalia chai. Shemeji alibandua lile gamba vipande vipande kwa mwiko, taratibu, kwa kuwa chini yake mizizi midogo ilikuwa imejishika. Mama Miti alivunja tawi moja, akakwangua ganda kwa kucha, akatazama kama kuna kijani. Akasema upande ule matawi mengine yamekwenda, hayarudi. Shina lenyewe huenda likapona, huenda lisipone, itachukua muda kujua. Tulichoweza ni kutandaza majani makavu juu ya mizizi na kuimwagia maji mengi, safi, polepole, kila jioni, yasukume ile sumu chini.

"Maji safi?" nikauliza. "Ya pipa?"

"Safi kabisa."

Mimi, binti wa mama yangu, kumwaga maji safi chini. Nikahema.

Mama alikuwa anatutazama dirishani muda wote ule. Nilipoingia kumgeuza akauliza, "Ule upande umekufa kwa nini?"

Shemeji alikuwa mlangoni amebeba kitu. Akasimama. Nilimwona anafungua mdomo ajitwishe tena.

"Ni sisi, mama," nikasema kabla yake. "Hatukuuangalia vizuri."

Akafikiri. "Mimi niliuangalia," akasema.

"Ndiyo, mama. Wewe uliuangalia."

Akaridhika. Akageuza uso dirishani.

Basi sasa jioni zangu ndizo hizo. Narudi, sivui viatu, nachota ndoo kwenye pipa, maji ambayo ningeweza kufulia sare za watoto, naubebea mzambarau ambao hatujawahi kupatana. Matawi makavu ya upande ule shemeji ameyakata, na kwenye kimoja cha visiki vyake pametoka majani mawili matatu madogo, mekundu mekundu. Huenda ni kupona. Mama Miti anasema wakati mwingine mti hutoa hivyo ukiwa unaaga. Sijamwambia mama hilo la pili.

Jana nilikuwa nimechoka mno, mgongo umekufa, nikaiinua ndoo niimwage yote kwa mkupuo nikalale. Dirisha likagongwa kwa ndani.

"Wewe! Unamwaga kama mtu anayetupa uchafu! Nilikufundisha hivyo?"

Nikaishusha ndoo. Nikachukua kopo.

"Haya, mama. Nianze wapi?"

Nyuma ya kioo kidole cha mkono wake wa kushoto kikanyanyuka, kikatafuta mahali.

"Pale," akasema. "Na ukimaliza, pale."